Je, Ajali Haina Kinga?

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga imewafariji watu wengi. Aliyepotewa na mali baharini huambiwa hivyo, na aliyefiwa na mtoto njiani huambiwa hivyo, na kwa neno hilo moyo wake hupoa kidogo, maana hupata kujua kuwa msiba wake haukuwa adhabu wala fedheha. Sina ugomvi na methali hii katika nyumba ya matanga. Lakini pako mahali ambapo yapasa isimamishwe mlangoni na kuulizwa habari zake kabla ya kuruhusiwa kuingia. Mahali hapo ni kiwandani. Huko neno kinga lina maana ya kushikika kwa mikono: ni kifuniko cha chuma kinachositiri gia na mkanda. Mtu asemapo huko kuwa ajali haina kinga, aliye karibu naye aweza kumwuliza, "Nani ameiondoa?"

Kijana aliyezaliwa Kipkelion hukua kati ya mitambo, hata kama hajapata kuitazama kwa makini. Mahindi ya nyumbani kwao husagwa kwa mashine yenye mkanda unaokwenda mbio. Akisafiri kuelekea Kericho na Bomet huona milima iliyovikwa majani chai, na hapa na pale bomba la moshi la kiwanda limetokeza juu ya miti. Ndani ya kiwanda majani mabichi hunyaushwa kwa upepo, kisha hupitishwa kati ya magogo mawili ya chuma yaliyochongwa meno madogo makali. Gogo moja huzunguka kwa kasi ipatayo mara kumi ya kasi ya mwenzake, na jani linaloingia kati yake hupondwa, huchanwa na kukunjwa kwa wakati mmoja. Mtindo huu ulianza Assam, nchini India, katika miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa hivyo. Ni mashine yenye manufaa makubwa. Walakini haijui tofauti ya jani na kidole.

Na tufanye mfano, usiohusu kiwanda chochote kijulikanacho. Ni usiku wa manane. Kijiti kimekwama penye meno, na mara umeme unakatika katika mtaa mzima, jambo ambalo mkazi wa milimani halimshangazi. Magogo yanasimama. Kimya kinatanda. Mfanyakazi wa zamu anaona kuwa nafasi nzuri imejileta yenyewe. Anawasha tochi, anaondoa kifuniko na kuingiza mkono ili atoe kijiti kile. Wakati huo huo umeme unarudi.

Kosa ni la nani? Msimamizi atasema ni la mfanyakazi, kwa kuwa imeandikwa ukutani kwamba swichi kuu izimwe kabla ya mashine kuguswa. Aliisoma amri hiyo, naye hakuitii. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni hatari kuliko uongo mtupu: humtosheleza msikilizaji mapema, naye huacha kuuliza zaidi. Kusahau si uovu uliomwingia mtu yule usiku ule. Ni hali ya binadamu, kama mvua ilivyo hali ya mwezi wa Aprili katika milima ya Kericho, na mjenzi aliyejenga nyumba bila paa hana haki ya kuilaumu mvua. Isitoshe, mtu aliyeisoma amri ile asubuhi, akiwa ameshiba na kupumzika, si sawa na mtu yule yule saa tisa ya usiku.

Sasa tuigeukie swichi. Ikiwa mashine imeungwa na swichi ya kawaida, ile inayobaki pale ilipowekwa, umeme ukirudi hukuta mlango wazi, na mota huanza kuzunguka bila kuamriwa na mtu. Lakini ipo namna nyingine. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa, umeme hupita katika koili na kuifanya sumaku. Sumaku huvuta viungo, navyo hushikana kwa muda wote ambao umeme uko. Umeme ukikatika, sumaku hulegea na viungo huachana. Umeme ukirudi hukuta mlango umefungwa, na mashine hukaa kimya mpaka mtu aje na kukibonyeza kitufe tena kwa kusudi. Tofauti ya namna hizi mbili kwa bei ni ndogo ukilinganisha na thamani ya mashine yenyewe. Kwa maadili ni kubwa mno, maana swichi ya kwanza huhesabu ukimya kuwa idhini, na ya pili huuhesabu kuwa katazo.

Basi aliyeunga nyaya zile alikuwa ameketi mezani mchana, pengine kikombe cha chai kando yake, akiwa na siku nyingi za kufikiri. Alijua kuwa umeme hukatika. Alijua, au ilimpasa kujua, kuwa vijiti hukwama na kuwa watu hupenda kuvitoa. Mfanyakazi alipewa kufumba na kufumbua. Kwa hukumu yangu, mwenye nafasi ya kufikiri ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi wa kufikiri, na lawama haina budi kufuata njia hiyo hiyo. Kanuni za kimataifa za usanifu wa mitambo, zijulikanazo kwa jina la ISO 12100, zimekubaliana na maoni haya kwa mpango wake. Kwanza hatari iondolewe katika umbo la mashine lenyewe; isipowezekana, iwekewe kinga; maonyo na maelezo yaje mwisho, kwa hatari iliyobaki. Wengi wetu huanza na bango, kwa sababu bango ni rahisi.

Msomaji asidhani kuwa mawazo haya ni mapya, wala kuwa yaliletwa na majani chai. Yalikuwa yamekwisha kununuliwa kwa roho za watu kabla ya reli kufika Kipkelion. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na kituo cha Kipkelion, kilichoitwa Lumbwa siku zile, kimo katika mteremko wa njia hiyo. Kutoka kilele cha Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, njia hushuka hadi ufuko wa ziwa, mita 1,100 na kitu. Mahali kama hapo uhai wa abiria umo katika breki.

Tarehe 12 Juni 1889, huko Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na jamaa zao ilishindwa kupanda mlima karibu na mji wa Armagh. Wakubwa wa treni waliamua kuikata vipande viwili, ili injini ivute kipande cha mbele kwanza. Breki za treni ile zilihitaji nguvu itokayo katika injini ndipo zikamate. Mabehewa ya nyuma yalipotengwa na injini yaliachiwa breki ya mkono tu, nayo haikutosha. Yakaanza kurudi nyuma mteremkoni, yakaongeza mwendo, yakagongana na treni nyingine iliyokuwa ikija. Watu wapatao 80 walikufa, watoto wakiwamo.

Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki za namna iliyo kinyume na ile: nguvu itumike kuziachia breki, si kuzikamatisha, na nguvu ikipotea, kwa bomba kupasuka au behewa kukatika, breki zikamate zenyewe. George Westinghouse wa Marekani alikuwa amekwisha kuivumbua breki ya namna hiyo, itumiayo hewa iliyoshindiliwa, mwaka 1872. Yaani kwa muda wa miaka 17 elimu ilikuwako, ikauzwa na kununuliwa kwingineko, na gharama yake ikaonekana kubwa mpaka siku ya watoto wale. Sijui namna ya kuyaweka mambo haya chini ya methali yetu bila kuona haya.

Wako wanaopinga, na hoja yao yafaa kusikilizwa. Husema kuwa mashine inayomlinda mtu kupita kiasi humfanya mzembe, kama mtoto abebwaye mgongoni hata akachelewa kutembea. Nakiri kuwa uangalifu ni tunu, na kuwa kinga haiwezi kushika mahali pake pote. Hata hivyo hatuondoi kifuniko cha kisima ili kuwafundisha watoto uangalifu. Shule ambayo ada yake ni mkono, na ambayo mwanafunzi hulipa siku ile ile anapoelewa somo, si shule ya kusifiwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo hutoka kwa wafanyakazi wenyewe. Majani chai yaliyochumwa hayangoji. Yakikaa mno huharibika. Ikiwa mashine husimama kila kifuniko kinapoguswa, na kuiwasha tena kunachukua muda mrefu, hazitapita siku nyingi kabla ya mtu kukifunga kifaa cha usalama kwa kipande cha waya, ili kidanganyike kuwa kifuniko kipo. Si mtu mbaya. Huenda ndiye mwenye bidii kuliko wote katika zamu yake, na msimamizi anayejua habari ile hutazama kando kwa sababu hesabu ya kilo imepanda. Hapa ni rahisi kumrudia mfanyakazi kwa ukali na kusema, "Umeona?" Lakini kinga inayoizuia kazi bila sababu huwaita watu waiondoe. Kanuni ya ISO 14119 humtaka msanifu atafakari kabla: nani atatamani kuidanganya kinga hii, na kwa haja gani? Akiona kuwa haja ni kutoa vijiti mara kwa mara, na atafute njia ya kuvitoa bila mkono kukaribia meno. Kumheshimu mfanyakazi ni pamoja na kuiamini haraka yake kuwa ina sababu.

Siku hizi amri nyingi za mitambo zimetiwa katika kompyuta, na baadhi ya vijana hudhani kuwa akili ya kompyuta imeumaliza mjadala. Mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwekwa katika hospitali za Marekani na Kanada. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyosimama peke yake. Hii iliviacha, ikaitegemea programu. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi iliyozidi kipimo kwa kiasi kikubwa, na baadhi yao walikufa. Programu ilikuwa na kasoro ambazo hazikuonekana mpaka mikono ya watumishi ilipozoea kazi na kuandika upesi. Aliyetegemea kitu kimoja tu, hata kiwe cha werevu namna gani, alikuwa amemwacha mgonjwa bila wa pili wa kumtetea.

Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 haikumtwika mwajiri peke yake mzigo huu. Humgusa mfanyakazi, ambaye hana budi kujitunza na kuwatunza wenziwe. Na huwagusa pia wale wanaosanifu, kutengeneza na kuingiza nchini vyombo vya kazi. Sheria nyingine ya mwaka ule ule huamuru fidia kwa aliyeumia. Fidia ni haki, lakini haishiki jembe wala kalamu.

Nimebakiwa na neno juu ya namna ya kujifunza. Mwanafunzi wa ufundi hufurahi mota yake ya kwanza inapozunguka, na furaha hiyo ni halali. Mara nyingi ndipo somo linapokatishwa, naye huondoka akidhani kuwa kuendesha ndiko kujua. Mwalimu mwema hungoja furaha itulie, kisha huchukua koleo. Hukata waya mmoja wa kitufe cha kusimamishia, na kuwataka wote watazame. Waya wa kitufe hicho ukiwa umeungwa kwa namna ya kupitisha umeme wakati wote, kukatika kwake ni sawa na kukibonyeza, na mota husimama. Ukiwa umeungwa kinyume, mota huendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na kitufe chekundu hubaki pambo, lisiloweza kusikia hata likipigwa ngumi. Kazi ya namna hiyo hurudishwa mezani, ijapokuwa nyaya zake zimenyooshwa vizuri, na mwanafunzi huanza upya, safari hii kwa kuunga kitufe chekundu kwanza.