Kwa Asiyesoma Maelekezo

Shangazi yangu wa Msambweni alinikabidhi taa yake ya sola kama mtu anayekabidhi kuku mgonjwa. "Mwanangu, hii imekufa ama imelala tu?" Nilikuwa narudi Ukunda, na Ukunda mafundi hawakosekani. Paneli ilikuwa nzima, balbu nzima, swichi ikibonyezwa inaitika. Kilichokwisha ni betri peke yake, baada ya miaka miwili na kidogo.

Fundi aliigeuza taa mara tatu akitafuta skrubu. Hakuna. Kifuniko kilikuwa kimegandishwa kwa gundi pande zote, na chini yake kibandiko: usifungue. Kimeandikwa kwa lugha nne, Kiswahili si mojawapo. Fundi akacheka. "Hawa hawakutaka tujuane na hiki kilicho ndani."

Nikapiga simu kwa waliouza. Dada aliyepokea alikuwa na adabu zake, wala simlaumu. Aliniambia taa haikuundwa ifunguliwe na mteja, kwamba ni kwa usalama wangu, kwamba waranti imeisha, na kwamba kuna ofa ya taa mpya. Nikauliza: kwa nini mkaiunda hivyo, na mnajua betri ndiyo inayokufa kwanza? Akanijibu kuwa maelekezo yote yako kwenye boksi.

Boksi lipo. Shangazi anawekea vifungo vya nguo.

Niwe mkweli, jibu la yule dada si la uongo. Betri ya lithiamu ukiitoboa kwa bisibisi inaweza kuwaka moto mkononi. Hewa ya bahari kule Msambweni ni ya chumvi, inakula bawaba, inakula mabati, itashindwaje kula waya mwembamba? Kuziba kunasaidia. Tena taa hizi zimetutoa kwenye koroboi, na aliyesoma kwa koroboi anajua asubuhi unapenga masizi. Kwa hiyo sina kesi na sola. Ninachouliza ni hiki: jibu likiwa la kweli, je, limejibu?

Maana "hukufuata maelekezo" ni sentensi yenye mtu ndani yake. Mtu huyo anasoma Kiingereza, ana mkono mkavu, ana hela ya taa mpya kila baada ya miaka miwili, na karibu na kwake kuna pipa maalumu la betri kuukuu. Anayeunda kitu huwa ameshachora mtu wa kukitumia, hata kama hajui kuwa amemchora. Wazee wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi huitumia methali hiyo kusifu kazi ya fundi. Nadhani inafaa pia kumuuliza fundi: uliunda ukimfikiria nani?

Angalia mashua za Gazi au Vanga. Aliyeziunda alijua zitavuja. Hakuandika ubavuni "usivujishe". Aliacha nafasi kati ya mbao, akaijaza kalafati ya pamba na mafuta, akijua baada ya muda chombo kitapandishwa mchangani, kalafati ya zamani itatolewa kwa patasi na mpya itatiwa, pengine na mtu ambaye hata hajazaliwa siku mashua inashushwa majini. Uchakavu ulikuwa ndani ya hesabu toka mwanzo.

Sasa tuje kwenye betri ndogo kuliko zote, ile ya duara kama kifungo cha shati, inayokaa kwenye rimoti, kwenye mizani ya jikoni, kwenye kadi zinazoimba. Ile ya lithiamu ya milimita 20 inakwama vizuri kabisa kwenye koo la mtoto mdogo. Haimuui kwa kumziba pumzi. Ikigusana na majimaji ya mwili, umeme unapita na kutengeneza alkali kali inayochoma nyama, na ndani ya saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Hata betri ambayo rimoti imeshaikataa inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kuchoma.

Kwa miaka mingi watengenezaji walijibu kwa maneno: weka mbali na watoto. Pakiti ikawa ngumu kufungua, onyo likawa kubwa zaidi. Mwaka 2020 kampuni ya Duracell ikafanya jambo jingine: ikazipaka betri zake za lithiamu za duara kitu kichungu mno, ili mtoto akiweka mdomoni ateme. Mwaka uliofuata Apple wakatoa angalizo kwamba betri zenye upako mchungu huenda zisifanye kazi kwenye AirTag zao, kwa sababu upako unaweza kuzuia mguso wa umeme. Mimi niliposoma hilo nilicheka kidogo, halafu nikakaa kimya. Uchungu wenyewe si kinga kamili, kuna mtoto anayemeza kabla ulimi haujaonja. Lakini tazama kilichobadilika. Onyo la kwenye pakiti lilikuwa linamwambia mama. Uchungu unamwambia mtoto mwenyewe, kwa lugha pekee anayoisoma.

Najua swali linalokuja, kwa sababu huku kwetu halichelewi: mlezi alikuwa wapi? Si swali la kijinga. Mtoto ana mwenyewe. Ila tunalitumia kana kwamba kosa ni chapati, yaani mama akila kipande chake basi cha kampuni kinapungua. Kosa haligawanyiki hivyo. Mama anaweza kuwa na lake zima na mtengenezaji akawa na lake zima, na hakuna anayempunguzia mwenzake.

Na kuna tofauti kati yao ambayo kwangu ndiyo kiini cha mambo. Mama anamwona mtoto mmoja. Siku nzima yuko macho, dakika mbili anageuka kuipua ugali. Kwake ni ajali. Mtengenezaji anauza mamilioni, na ripoti za hospitali zinamfikia. Hajui ni mtoto gani wala ni mji gani, lakini anajua kwa hakika kwamba mwaka huu wapo watakaomeza. Ukishajua hivyo, huwezi tena kuita bahati mbaya. Kosa la mtumiaji, likijulikana kabla halijatokea, limeingia kwenye kazi yako kama chumvi ya Msambweni ilivyoingia. Huwezi kusema bahari imekosea.

Sawa, utaniambia, huyo bado ni mnunuzi na familia yake. Vuka basi feri ya Likoni, pita Changamwe, ufike Mikindani. Pale kuna kijiji cha Owino Uhuru, watu kama elfu tatu, ambao hawakununua chochote. Mwaka 2007 jirani yao alikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kutoa risasi. Na betri ya risasi, ukitaka kujua, husifiwa sana kwa muundo wake: karibu yote hurejelezwa, risasi yake ikatengeneza betri nyingine. Kwenye karatasi ni sifa nzuri. Owino Uhuru sifa hiyo iliwafikia kama moshi na maji machafu. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009 kushughulikia uhusiano wa kampuni na jamii. Mwanawe mchanga akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akaacha kazi na kuanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliamua Julai 2020 wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Miaka kumi toka kiwanda kufungwa. Mtoto aliyekuwa chekechea amemaliza shule ya msingi.

Maelekezo yapi hawa hawakuyafuata? Hawakupewa boksi. Aliyechora betri ile alimwona dereva, akamwona fundi gereji, pengine akamwona hata mwenye tanuru. Mtu wa upande wa pili wa ukuta hakuwamo kwenye mchoro. Na bado yeye ndiye aliyeishi na betri ile kwa muda mrefu kuliko mwenye gari.

Sheria zinajivuta kuelekea huko. Ulaya wameamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache. Kenya tuna sheria ya usimamizi wa taka ya 2022, inayomfuata mzalishaji mpaka bidhaa yake inapokuwa taka. Australia tangu Juni 2022 wanataka kidirisha cha betri za duara kisifunguke kwa kidole cha mtoto. Tutaona. Sheria nayo ni maelekezo, na kuna kampuni zisizosoma.

Nirudi kwa fundi wa Ukunda. Aliipasua gundi taratibu kwa kisu alichokipasha moto kidogo, mimi nikiwa nimesimama mbali kwa sababu ya lile neno usalama. Alikuwa na betri ya aina ileile, kaitoa kwenye taa nyingine iliyovunjika paneli. Akaunga, taa ikawaka. Kifuniko akakibana kwa raba ya mpira wa baiskeli, akachukua peni ya maka na kuandika juu yake: FUNGUA HAPA. Alijivunia sana. Nami nikajivunia, nikaona tumeshinda.

Nikaipeleka Msambweni Jumapili. Shangazi akaiwasha, akaizima, akasoma yale maandishi. Mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa chini ya jamvi akitafuna kandambili.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Lakini hii raba, huyu hataivuta?"

Jumatatu niliirudisha Ukunda. Fundi alinisikiliza, akatazama raba yake kwa muda, akavuta kikopo cha skrubu na kuanza kuchagua fupi.