Pingili Saba za Shingo

Basi la Iringa likishaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, dereva hupunguza mwendo, na abiria hugeukia uwanda wa Mkata. Twiga wapo, vichwa vyao juu ya migunga, vingine hadi mita tano kutoka ardhini. Ukielekea kaskazini hadi mashamba ya mahindi ya Kilosa, utamkuta panya shamba, mwizi wa mbegu anayetosha kiganjani. Hesabu mifupa ya shingo zao. Twiga ana pingili saba. Panya ana pingili saba.

Tembo saba, popo saba, nyangumi saba, nawe unayesoma saba. Karibu wanyama wote wanyonyeshao wamepewa idadi hiyo. Wanaoikiuka, kama manatii na slothi, ni wachache mno. Ndege hawakufungwa hivyo: kuku ana takribani 14. Twiga hakuongezewa hata pingili moja. Muumba alizirefusha zilezile saba, hata moja ikafikia sentimita 25.

Namba yenyewe ina tabia ya aina hiyo. Gawanya 1 kwa 7, upate 0.142857, na tarakimu hizo sita zitajirudia bila kikomo. Sasa zidisha 142857 kwa 2: 285714. Kwa 3: 428571. Kwa 4: 571428. Kwa 5: 714285. Kwa 6: 857142. Tarakimu ni zilezile, na hata foleni yao haikuvunjika. Kila mara imeanzia mahali pengine tu. Zidisha kwa 7, upate 999999. Hakuna mtu aliyeipanga hesabu hii. Ilikuwa kweli kabla ya mwanadamu wa kwanza kuhesabu vidole vyake, na mimi kila nikiirudia kwa kalamu nanyenyekea.

Saba pia haikubali kulazimishwa. Kwa bikari na rula isiyo na vipimo utachora umbo lenye pande sawa na pembe sawa, liwe la pande tatu, nne, tano au sita. La pande saba halichoreki kamwe, na Mfaransa Pierre Wantzel alitoa uthibitisho wa jambo hilo mwaka 1837.

Kwa nini basi shingo zishikilie saba? Jeni zinazopanga pingili za kiumbe tumboni zina kazi nyingine nyingi mwilini, hivyo hesabu ikiguswa, mengine huguswa pamoja nayo. Kwa binadamu, mbavu zinazoota kwenye pingili ya shingo huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto waliozaliwa wafu kuliko kwa watu wazima. Idadi hii imelindwa kwa uhai wenyewe.

Lakini twiga ana shida ya maji. Shingo yake, kwa urefu wake wote, haimfikishi chini. Hutanua miguu ya mbele ndipo anywe. Mwaka 2016 watafiti wa Japani, Megu Gunji na Hideki Endo, walieleza msaada aliopewa: pingili ya kwanza ya kifua chake hucheza karibu kama ya shingo, ikimwongezea zaidi ya nusu mita ya kufikia, juu kwenye majani na chini kwenye maji. Inafanya kazi ya pingili ya nane, lakini bado imeshika mbavu zake, na shingo imebaki na saba.