Kungojea Karata

Katika poka, mchezo wa karata 52, hutokea mtu ana kopa nne akingojea ya tano. Ameona karata tano; katika 47 asizoziona, kopa ni 9. Ikifunguliwa moja, atafaulu takriban mara 1 katika 5. Basi kilichomo mezani kikizidi mara nne ya anachotakiwa kutoa, kuendelea si upumbavu. Lakini katika mashindano aishiwaye huondoka, na hesabu hiyo peke yake haimtoshi.

Sanje, chini ya Milima ya Udzungwa, poka si mchezo wetu; hata hivyo mkulima wa mpunga anaijua karata hiyo. Mwaka mmoja mvua za kwanza zilimkuta mama ana debe moja la mbegu. Alipanda nusu. Mjomba alipanda zake zote, akamwita mwoga. Mvua ingeendelea, tungemsifu mjomba. Ila mcheza kamari huweka chake. Mama angeweka chakula cha watoto, nasi hatukuulizwa. Hapo ndipo ninaposita kuita kila uthubutu ushujaa.

Mvua ilikatika, miche ikakauka. Iliporudi, mjomba alikuja kuomba mbegu. Mama akampimia pishi moja.