Udongo Maskini

Nina mmea unaokula wadudu. Umening'inia barazani kwetu Kikoneni, mahali unapopata jua la asubuhi tu. Niliununua kwa muuza maua Nairobi wiki niliyoacha kazi na kurudi nyumbani.

Kitaalamu unaitwa Nepenthes. Huku kwetu Kwale hauoti porini. Ndugu zake wa karibu wako Madagaska na Shelisheli. Ncha ya jani hurefuka kama uzi, kisha huvimba ikawa mtungi mdogo wenye kifuniko. Ukingoni mna utamu. Mdudu huja kulamba, na ukingo ukiwa na unyevu huteleza kama sakafu yenye sabuni. Akianguka ndani hatoki, maji yaliyomo humyeyusha polepole. Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu mimea ya aina hii mwaka 1875.

Kuutunza ni kinyume cha kila nilichofundishwa shambani. Mbolea kwenye mizizi huuunguza. Nimeupanda kwenye makumbi ya nazi niliyoyasuuza mara kadhaa kutoa chumvi, nikachanganya na vipande vya mkaa. Maji ya kisima siupi. Naukingia ya mvua kutoka kwenye mabati. Kaskazi ikikaza, naunyunyizia asubuhi na jioni, la sivyo mitungi hukauka ikiwa bado midogo.

Mwanzoni nilikuwa naulisha. Nilishika sisimizi kwa kijiti, nikawatumbukiza mmoja mmoja. Siku moja nyanya akanikuta.

"Unafanyani, mjukuu wangu?"

"Naulisha, nyanya."

"Kwani wenyewe hauwezi kula?"

"Unaweza. Una mtego."

"Basi uache utege. Huyo sisimizi hakuuendea. Wewe ndiye umempeleka."

Nilicheka. Lakini usiku usingizi haukuja, na sababu haikuwa sisimizi.

Kazi niliyoiacha ilikuwa ya kampuni moja ya mikopo ya simu. Asubuhi tulituma jumbe tamu: umekubaliwa, bonyeza hapa, pesa dakika mbili. Mchana tuliwapigia walioshindwa kulipa. Wakishindwa zaidi, tuliwapigia watu waliomo kwenye simu zao. Hii ilikuwa kabla ya kanuni za Benki Kuu za 2022 zilizokataza mambo hayo. Kulikuwa na mama muuza chapati aliyekopa shilingi elfu tatu. Nilimpigia shemeji yake nikamwambia huyu ni mdaiwa sugu. Kesho yake mama akanipigia. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwenu wanajua kazi unayofanya?"

Niliponunua mmea huu, tuseme ukweli, nilikuwa nautafutia utetezi wangu. Unatega kwa sababu udongo wake wa asili hauna nitrojeni ya kutosha. Haukuchagua kuzaliwa hapo. Nikajiambia na mimi ni hivyo hivyo: digrii kabatini, kodi imefika, nyumbani wanasubiri nitume kitu. Kila mtu anatafuta, si ndivyo tunavyosema?

Na bado sitaki kusikiliza mahubiri ya maadili kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kukosa nauli. Njaa ni kweli. Udongo maskini ni kweli. Lakini udongo maskini unaeleza kwa nini nahitaji kula. Hauelezi kwa nini aliwe yule mama. Mmea hauna njia nyingine; hauwezi kuhama, hauwezi kuona haya. Mimi niliona haya kila siku saa nane mchana, nikaendelea kupiga simu.

Kuna jambo la pili, na hili nyanya aliligusa bila kujua. Nilidhani mimi ndiye mmea. Sikuwa. Mtungi ulikuwa wa watu wengine ambao udongo wao haukuwa na shida yoyote. Mimi nilikuwa kile kijiti.

Utaniambia: usingempigia wewe, angempigia mwenzako wa meza ya pili. Sawa. Na sisimizi wengine huanguka bila mimi, kila wiki. Lakini yule aliyepelekwa na mkono wangu ni wangu kumjibia. Hesabu ya mwenzangu haipunguzi yangu.

Niliacha kuulisha. Haujafa. Unakamata unachokamata, na mwezi wa tano, mvua ilipokolea, ulitoa mitungi mitatu mipya.

Kilichobaki ni mabati. Yale ninayokingia maji ya mmea yalinunuliwa kwa mshahara ule. Zamani nyanya alikuwa akilala chini ya makuti yanayovuja. Juzi nikamweleza yote, pamoja na simu ya yule mama. Nilitarajia anigombeze, au aniambie yamepita. Alinyamaza, akaendelea kukuna nazi. Kisha akauliza kama nilishawahi kumwomba radhi.

Sijawahi. Namba yake ilibaki kwenye kompyuta ya ofisi, na jina lake nakumbuka nusu.

"Basi bado," akasema, akaniomba nimsogezee kifumbu.