Bendi Mbili, Filamu Mbili



Filamu ya Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani, ilitoka 2004. Wanaume wenye mali yao wanatengeneza albamu na kugombana studio, hadi mtaalamu wa kuwapatanisha analipwa dola 40,000 kwa mwezi. Dola, jamani!

Mimi naipenda zaidi ile ya Kinshasa, Benda Bilili!, ya 2010. Wanamuziki waliopooza miguu kwa polio wanaendesha baiskeli za magurudumu matatu kwa mikono, kama wale wachuuzi wetu wa mpaka wa Gatumba. Kurekodi albamu kunaanza, kisha kituo wanacholala kinateketea kwa moto. Miaka inapita. Albamu inatoka 2009, sehemu kubwa ikiwa imerekodiwa nje, kwenye bustani ya wanyama.

Halafu yuko Roger Landu, mtoto wa mtaani anayejiunga nao. Chombo chake, satonge, amekiunda mwenyewe: kopo tupu, fito iliyopinda, waya mmoja. Anaibana fito, anaiachia, na waya unalia kuliko gita.

Ukiipata filamu hii kwa mwenye kibanda cha video, mwambie aongeze sauti Roger anapoanza.