Je, Wachezaji Humpenda na Kumheshimu Kiongozi Wao?



Katika nchi ya Marekani kuna mchezo uitwao besiboli, ambao watu wa kule waupenda kama vijana wetu wapendavyo mpira wa miguu. Nao waufuatao mchezo huo huulizana mara nyingi: Je, wachezaji humpenda kweli yule mtu awaongozaye? Humheshimu moyoni, au husema hivyo kwa midomo tu?

Pengine mmoja wenu atasema: Neno hilo latuhusu nini sisi? Ni mchezo, tena mchezo wa watu wa mbali. Lakini ngoja kidogo, ndugu. Kila mtu aliye chini ya mwingine, akiwa mtoto nyumbani kwa baba yake au mfanyakazi mbele ya msimamizi, amekwisha kujiuliza swali lilo hilo juu ya moyo wake mwenyewe: Mimi namtii mkubwa wangu, je, nampenda? Na kama simpendi, je, utii wangu ni unafiki? Kwa hiyo yafaa tuwatazame wachezaji hao, maana kwao mambo ya moyo hutokea mbele ya macho ya watu wengi, na hayawezi kufichwa kwa urahisi.

Kwanza tuufahamu mchezo. Watu 9 wa timu moja hutawanyika uwanjani. Mmoja wao, aitwaye mrushaji, husimama katikati juu ya kichuguu kidogo cha udongo, naye hurusha mpira mdogo mgumu kwa nguvu nyingi. Mtu wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Akirudi salama mahali alipoanzia, ameipatia timu yake alama moja. Timu kubwa hucheza hivyo mara 162 kwa mwaka, karibu kila siku, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba.

Kiongozi wa timu huitwa meneja. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye huvaa mavazi yale yale ya wachezaji, hata akiwa mzee mwenye kitambi. (Connie Mack wa Philadelphia, aliyeongoza timu moja miaka 50, tangu 1901 hata 1950, yeye alivaa suti na kola ngumu, na wachezaji wake walimwita Bwana Mack.) Kila siku meneja huandika majina ya wale watakaoanza. Timu ina watu 26, basi walio wengi hubaki wameketi benchi, nao wanajua ni nani aliyewaketisha. Tena mrushaji akianza kuchoka, meneja hutoka kibandani, hutembea polepole mpaka kwenye kile kichuguu, hunyosha mkono, naye mrushaji humkabidhi mpira na kuondoka. Wakati huo watu maelfu wanatazama. Mtu mzima, hodari, mwenye jina, ananyang'anywa kazi yake hadharani wala hana la kujibu.

Hapo mtafikiri kwamba wachezaji hutii kwa hofu. La, sivyo kabisa. Meneja siye mwenye timu. Yeye pia ameajiriwa. Mara nyingi mchezaji mashuhuri hupata mshahara mkubwa kuliko wa meneja wake. Na timu ikishindwa mara kwa mara, wenye timu hawawezi kuwafukuza watu 26 kwa siku moja, basi humfukuza mmoja, yaani meneja. Mchezaji aliyemchoka kiongozi wake aweza kungoja tu. Kwa sababu hiyo swali letu ni swali la kweli: ikiwa hofu haitoshi kuwafanya watii, basi ni nini kiwafanyacho watii?

Tukiwauliza wenyewe, hatutapata mengi. Mchezaji akiulizwa na watu wa magazeti, humsifu meneja, maana kesho jina lake litaandikwa au halitaandikwa. Akiisha kustaafu, ulimi hufunguka. Lakini wakati huo huenda asimulie machungu yaliyokua kwa miaka mingi, au sifa zilizotiwa utamu na uzee. Tena ushindi hudanganya. Timu inayoshinda hucheka pamoja, na kila mtu huona kwamba meneja ni mwema. Wakishindwa siku kumi mfululizo, mtu yule yule huwa mjinga. Nao ni upendo gani huo ugeukao pamoja na hesabu ya alama?

Yafaa basi tutenganishe maneno ambayo sisi huyachanganya. Kupendezwa na mtu ni jambo la tabia: sauti yake, mzaha wake, namna yake ya kukaa na watu vyanifurahisha, au vyaniudhi. Hilo halimo sana katika uwezo wetu. Kumpenda ni jambo jingine. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Na kuheshimu ni kukubali kwa kweli cheo cha mtu na kazi yake, hata siku ile ukubali huo unapokugharimu. Angalieni ile amri ya nne: yatuagiza kuheshimu wazazi. Haikusema tupendezwe nao kila siku. Mungu aliyetuumba ajua kwamba mtoto mwema aweza kumkasirikia baba yake.

Huko Baltimore alikuwako meneja mfupi, mkali, aitwaye Earl Weaver. Aliongoza timu ile tangu 1968 hata 1982, akarudi tena 1985 na 1986. Mrushaji wake mkubwa alikuwa Jim Palmer, mtu mrefu, mzuri wa sura, mwenye maneno. Wawili hao waligombana kwa miaka mingi, na magazeti yalifurahia. Weaver hakupata kamwe kucheza katika ligi kubwa, na Palmer alipenda kumkumbusha: husemwa alitamka kwamba jambo moja tu Weaver alijualo juu ya urushaji ni kwamba yeye hakuweza kuupiga mpira uliorushwa. Hata hivyo Palmer alishinda michezo 268, karibu yote chini ya Weaver au katika miaka yake, na mwaka 1970 walipata ubingwa pamoja. Mwaka 1996 akatoa kitabu kizima juu ya magomvi yao. Je, mtu huandika kitabu kizima juu ya mtu asiyemheshimu? Mimi nadhani hapana. Hawakupendezana, lakini kila mmoja alijua kwamba mwenzake ni bwana wa kazi yake.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Meneja akitaka kupendwa na wachezaji wake, huenda akapotea. Mwaka 1947 timu ya Brooklyn ilikuwa ikijizoeza huko Panama. Wachezaji kadhaa wazungu walianza kuandika karatasi ya kukataa kucheza pamoja na Jackie Robinson, kwa kuwa alikuwa mtu mweusi, na ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango watu weusi kwa miaka mingi. Meneja wao, Leo Durocher, alipata habari. Akawaamsha usiku, akawakusanya jikoni katika kambi ya askari, akawaambia kwa maneno makali kwamba Robinson atacheza, na asiyetaka aende zake. Durocher hakuwa mtakatifu. Kabla ya michezo ya mwaka ule kuanza, mkuu wa ligi alimsimamisha mwaka mzima kwa makosa mengine. Tena mwaka 1971, huko Chicago, wachezaji wake walimwinukia wakamgombeza uso kwa uso. Hata hivyo usiku ule wa Panama alitenda haki. Kama angalipima kazi yake kwa kupendwa tu, angalitia mkono wake katika karatasi ile. Robinson alicheza tarehe 15 Aprili 1947.

Katika timu ile ya Brooklyn alikuwamo mwaka ule kijana mmoja Mkatoliki, Gil Hodges. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole. Watu wa Brooklyn walimpenda hata mwaka 1953, aliposhindwa kuupiga mpira kwa muda mrefu, padre mmoja aliwaambia waamini siku ya Dominika kwamba joto ni kali mno kwa mahubiri, basi waende nyumbani, wazishike amri za Mungu, na wamwombee Gil Hodges. Baadaye huyo Hodges akawa meneja wa timu ya New York iitwayo Mets, timu iliyochekwa na watu wote kwa kushindwa.

Tarehe 30 Julai 1969 Mets walicheza na Houston mara mbili kwa siku moja. Katika mchezo wa kwanza walipigwa alama 16 kwa 3. Katika mchezo wa pili mambo yalikuwa yakiharibika tena, na mpira mmoja ukaenda upande wa kushoto, kule nyuma, alikosimama Cleon Jones. Jones ndiye aliyekuwa mpigaji wao bora. Majani yalikuwa na maji, na mguu wake ulikuwa ukimwuma. Aliufuata mpira polepole, akaurusha kwa ulegevu. Hodges akatoka kibandani. Watu walidhani aenda kumtoa mrushaji, lakini alimpita. Akawapita na wengine, akaendelea kutembea, mpaka akafika kule mbali kwa Jones. Wakasema maneno machache. Kisha wakarudi pamoja, Hodges mbele na Jones nyuma yake, mwendo mrefu ambao wote uwanjani waliuona.

Watu wa magazeti walipouliza, Hodges alijibu kwamba Jones alikuwa na maumivu ya mguu. Je, alidanganya? Maumivu yalikuwako kweli. Lakini hakusema yote, na mimi namsifu kwa hilo. Kosa la mtu laweza kukemewa bila kutangazwa sokoni.

Miaka 8 baadaye, tarehe 18 Juni 1977, jambo kama hilo lilitokea huko Boston. Meneja wa Yankees alikuwa Billy Martin, na mchezaji wake mashuhuri Reggie Jackson. Mpira ulianguka mbele ya Jackson, naye, kwa macho ya Martin, hakuukimbilia. (Jackson mwenyewe alikana.) Martin hakwenda kwake. Alimtuma mchezaji mwingine, Paul Blair, kushika mahali pake, kati ya mchezo. Jackson akarudi kibandani akiuliza amefanya nini, na wale wawili wakakaribia kupigana mbele ya kamera za televisheni, wasaidizi wakawazuia. Mwaka ule ule Yankees wakapata ubingwa, na Jackson, katika mchezo wa mwisho, aliupiga mpira mara tatu ukatoka nje ya ukuta. Mnaona basi kwamba ushindi hauthibitishi upendo. Mwezi wa Julai 1978 walikosana tena, na Martin akajiuzulu huku akilia.

Martin alikuwa na haki ya kumtoa mchezaji wake, kama Hodges alivyokuwa nayo. Lakini mmoja alituma mtu, na mwingine alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Heshima ya mchezaji kwa meneja, nionavyo mimi, huanza na heshima ya meneja kwa mchezaji. Nayo huonekana siku ya kukemea, wala si siku ya kusifu. Jones alimsifu Hodges miaka mingi baadaye. Nimekwisha kusema kwamba maneno ya wastaafu hayatoshi kuwa ushahidi. Tutazame basi matendo.

Mets hao waliochekwa walifika kwenye mashindano ya mwisho ya mwaka ule, nao walikutana na Baltimore, timu ya Weaver na Palmer. Tarehe 16 Oktoba 1969, katika mchezo wa tano, Mets walikuwa nyuma alama 3 kwa 0. Mpira uliorushwa ukapita karibu na miguu ya Jones. Kwa sheria, mtu akigongwa na mpira hupewa kituo cha kwanza. Lakini mwamuzi hakuona kwamba amegongwa. Hodges akatoka tena kibandani, polepole kama kawaida yake, akiwa na mpira mkononi, akamwonyesha mwamuzi alama ya rangi ya viatu iliyokuwa juu yake. Mwamuzi akakubali, Jones akapewa kituo. (Jerry Koosman, mmoja wa warushaji wa timu ile, alisimulia baadaye kwamba Hodges alimwambia ausugue mpira ule kwenye kiatu chake; wengine husimulia vingine. Kama Koosman alisema kweli, Hodges alikosa siku ile, hata kama kosa lake lilimsaidia mtu wake.) Aliyefuata, Donn Clendenon, aliupiga mpira ukatoka nje, na alama zikawa 3 kwa 2. Baadaye Mets wakasawazisha. Na ndiye Jones aliyerudi na alama ya nne.

Mwishoni, Mets wakiwa na alama 5 kwa 3, mpigaji wa Baltimore aliupiga mpira juu sana, upande wa kushoto, kule nyuma. Mahali pale ndipo Hodges alipomfuata mtu wake mwezi wa Julai. Cleon Jones alikuwa amesimama hapo. Akaudaka mpira, akapiga goti.