Mti wa Maua Uliofuga Mbung'o

Lantana ikianza kudhoofika uani, mwenyewe huhuzunika. Majani hupauka na kutoka madoa meupe, vikonyo hukauka kabla ya kuchanua maua yale ya njano na waridi, na huku chini hubaki vijiti vitupu. Katika maboma ya Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, tiba inajulikana: ndoo ya samadi shinani, maji kila jioni, na panga liwekwe mbali mpaka mti upate nguvu. Huruma hiyo naielewa, lakini mambo yote matatu ni makosa, na hilo la panga limewahi kuchangia vifo vya watu mpakani hapa.

Lantana ni mgeni kutoka nchi za joto za Amerika. Wazungu waliichukua kama pambo la bustani, na kwa mikono yao ikasambaa duniani. Kwetu ilipendwa kwa sababu haisumbui: hustahimili kiangazi, huchanua karibu mwaka mzima, na mifugo huiepuka kwa kuwa majani yake yana sumu inayoharibu ini. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kudondosha mbegu popote wanapotua. Hivyo ikatoka kwenye uzio, ikaingia shambani, na kutoka shambani ikafika mtoni.

Huko mtoni alikuwapo mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa malale. Aina inayopatikana sana eneo hili, Glossina fuscipes, kwa kawaida huishi kwenye vichaka vya kando ya mito na Ziwa Viktoria, kwa sababu hupenda kivuli na unyevu. Mwaka 1964 malale yalizuka Alego, Nyanza ya Kati, kusini mwa Busia. Watafiti walikuta mbung'o wameacha maji na kuhamia kwenye vichaka vya lantana vilivyozunguka nyumba. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake wakachapisha ushahidi kutoka Alego hiyohiyo kwamba ng'ombe anaweza kubeba vimelea vya malale vinavyomwambukiza binadamu. Utafiti huo ulitoka EATRO, shirika la Afrika Mashariki la kuchunguza malale, ambalo makao yake yalikuwa Tororo. Maana yake ni kwamba onyo lilikuwa limeandikwa na kuhifadhiwa mjini hapa hapa.

Chutama utazame chini ya lantana iliyoachwa miaka mitatu bila kukatwa. Juu imefungana kama paa. Chini ni giza, majani makavu yamerundikana, na ukitia kidole udongo unaingilika bila nguvu, una unyevu hata Januari. Mbung'o jike hatagi mayai; huzaa buu mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hivi, na humwacha mahali pa namna hiyo hasa. Buu hujichimbia, akageuka pupa, na baada ya mwezi hivi anatoka nzi mzima, hatua chache kutoka kwenye kamba ya ng'ombe na mkeka wa mtoto. Sasa ipime ile tiba yetu. Samadi hulainisha udongo, maji huuweka na unyevu, na panga lililowekwa mbali huacha kivuli kikomae.

Kilichofuata Uganda kinajulikana. Chini ya utawala wa Idi Amin uchumi ulianguka, mashamba mengi ya kahawa na pamba yakaachwa yajae vichaka, na kazi ya kudhibiti mbung'o ikalegea. Mwaka 1976 malale yakazuka Busoga. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa mlezi wa EATRO, ikavunjika. Mwaka 1980 peke yake waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 8,000, na kabla muongo huo haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika Tororo. Upande wa Kenya wagonjwa walipelekwa kutibiwa Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia. Aliyefika vimelea vikiwa vimeshaingia kwenye ubongo alidungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliua baadhi ya waliotibiwa. Watafiti waliopekua Busoga miaka hiyo walikuta pupa za mbung'o chini ya lantana, kahawa na migomba, karibu kabisa na nyumba.

Sisemi lantana ndiyo iliyoleta malale. Vita, umaskini na biashara ya ng'ombe wasiopimwa vilifanya kazi kubwa zaidi. Lakini nzi alihitaji mahali pa kulala na kuzalia, na mahali hapo tulipapanda wenyewe kwa kupenda maua.

Yale madoa meupe nayo yana historia yake. Mara nyingi ni kazi ya mdudu mdogo, Teleonemia scrupulosa, anayefyonza majani. Aliletwa Uganda kwa makusudi ili aidhoofishe lantana, na mwaka 1967 ikaripotiwa kwamba alikuwa amevamia simsim, zao ambalo Teso hulitegemea. Kwa hiyo anayehangaika kuiponya lantana yake huenda anapigana na mdudu aliyeletwa kuiua, na mti anaouokoa una maadui kwa haki.

Ukitaka kubaki nayo, itunze kwa ukali. Lantana inataka jua kali na udongo wa kawaida. Ukiilisha samadi itajaa majani na kukunyima maua. Ikate mpaka usawa wa goti kiangazi kinapoelekea kwisha, fagia majani yaliyo chini, na usiruhusu matunda yaive. Ukichutama uone miguu ya mbuzi aliye upande wa pili wa uzio; usipoiona, hujakata vya kutosha. Kama imeshakuwa kichaka, ing'oe na mizizi, kwa kuwa kisiki kilichochomwa moto huchipua tena. Panda uzio wa kayaba badala yake, lakini nayo isiachwe bila kukatwa.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ni ushindi wa kweli, uliopatikana kwa miaka ya mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, dawa za kuogeshea ng'ombe na kazi ya watu wa vijijini. Mbung'o hawajaisha, na nagana, yaani malale ya mifugo, bado inaangusha ng'ombe pande zote mbili za mpaka. Kata lantana yako mwaka huu kabla ya mvua za Machi, kisha mwombe jirani naye akate yake.